Niliishi Miezi Sita na Familia ya Wamishonari Mhezi, Upareni. Haya Ndiyo Niliyoyaona

Wadau, leo siwaletei stori ya staa kaachika wala nani kanunua gari gani. Leo tuongee kuhusu kujitolea, maana siku hizi huku mitandaoni kila mtu "anajitolea". Mtu anapiga picha na watoto watatu wa kijijini, anaandika maneno ya kugusa moyo, anavuna likes elfu mbili, keshokutwa yuko zake Kigamboni anakula pweza. Mimi nimejitolea miezi sita kwenye shule moja ndogo ya misheni huko Mhezi, Wilaya ya Same, nikilala nyumba moja na familia ya wamishonari. Majina siyataji. Wakisoma watajijua, na wenyewe si watu wa kupenda kutajwa.

Kwa asiyeijua Mhezi: ni kata iliyo juu kwenye milima ya Upare Kusini. Ukitoka Dar kwa basi la Arusha unashuka Same mjini, pale penye jua kali na upepo unaokujaza vumbi hadi masikioni. Wengi wetu Same tunaijua hiyo hiyo ya barabarani: joto, mkonge, na safari inaendelea. Lakini ukiiacha lami ukaanza kupanda, unakutana na migomba, maharage, tangawizi, vijito, na ukungu unaoingia mpaka jikoni. Kilele cha Shengena, kirefu kuliko vyote Upareni, kina mita 2,462. Usiku wa mwezi wa sita huko juu usiuchukulie poa. Usafiri ni gari linaloondoka mapema; likikuacha, ni bodaboda na sala zako.

Nilifikaje huko? Mama yangu ni mtu wa Mhezi. Mimi nimezaliwa na kukulia Dar, Kipare chenyewe nakisikia kwenye misiba. Nilikuwa nimemaliza chuo, shahada ninayo, kazi sina, bando nanunuliwa. Mama mdogo akasikia kuna familia ya wamishonari inatafuta mtu wa kufundisha Kiingereza na kupanga maktaba. Kulala na kula bure, mshahara hakuna. Mama aliposikia alisema, "Nimekusomesha miaka kumi na sita ili ukafundishe bure?" Sikuwa na jibu. Nilibeba begi tu nikaenda.

Familia yenyewe ni baba, mama na watoto wawili, wametoka Ulaya, wakati huo walikuwa wana miaka kumi na moja hapo mlimani. Kisheria wanaishi nchini kwa kibali cha ukaazi cha daraja C, lile daraja ambalo wamishonari na watu wa kujitolea wanaangukia pamoja. Mama mwenye nyumba anaongea Kipare kunizidi, na hilo bibi yangu hakuacha kunikumbusha. Yule mtoto wa mwisho anagombana kwa Kipare, akishikwa anaomba msamaha kwa Kiswahili.

Niseme ukweli, nilitegemea maisha ya kizungu: friji, jibini, intaneti ya kasi. Nilichokikuta ni makande. Jumatatu makande, Jumatano makande, Ijumaa mabaki ya makande. Umeme wa sola wa kuwasha taa na kuchaji simu, maji ya mfereji, na saa kumi na mbili asubuhi kila mtu yuko sebuleni kwa sala, ulale usilale.

Na kulikuwa na sheria moja: picha ya mwanafunzi haipandi mtandaoni mpaka mzazi wake aulizwe. Siyo mkuu wa shule, mzazi. Wiki ya kwanza niliona ni sheria ya ajabu kidogo, maana nilikuwa na picha kali za ukungu na watoto wa sare za bluu. Yule mama akaniuliza swali moja tu: "Wewe ulipokuwa darasa la nne, nani alikupiga picha bila mama yako kujua?" Nikanyamaza. Simu ikarudi mfukoni.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike haya. Mwezi wangu wa pili walikuja wageni, vijana kumi na wawili kutoka nje, kwa wiki mbili. Watu wazuri, wachangamfu, sina neno nao. Walikuja kupaka rangi madarasa mawili. Wakapaka, wakacheza mpira na watoto, wakaimba, siku ya mwisho wakalia, nasi tukalia. Shule iliwaandalia hafla, pilau na mbuzi. Kwenye kitabu cha wageni waliandikwa "wageni wa kujitolea".

Pembeni ya ile hafla alikuwepo kijana mmoja anabeba viti. Huyo ndiye mwalimu wa Hisabati na Fizikia, kidato cha kwanza mpaka cha nne, peke yake. Mzaliwa wa hapo hapo, ana shahada ya ualimu, mwaka wa tatu huo anasubiri ajira ya serikali. Posho yake ilikuwa shilingi elfu sitini kwa mwezi, ikipatikana. Akitoka darasani anaingia shambani kwa mama yake kupalilia tangawizi, usiku anasahihisha madaftari kwa tochi ya simu. Kwenye orodha ya shule aliandikwa "mwalimu wa muda".

Nikapiga hesabu ya harakaharaka. Nauli ya ndege ya mgeni mmoja, kwenda na kurudi, ingemlipa huyu kijana posho yake kwa zaidi ya miaka miwili. Na ukuta ule fundi wa kijijini angeupaka kwa siku tatu. Sisemi wageni wasije. Nasema kwamba kati ya wale watu wote waliokuwa uwanjani siku ile, aliyekuwa amejitolea kuliko wote ndiye aliyekuwa anabeba viti, na hakuna aliyeomba kupiga naye picha.

Jumapili ile nilishuka kwa bibi nikamsimulia. Bibi aliniuliza, "Wewe hapo shuleni unalipwa nini?" Nikamwambia silipwi. "Chakula wanakupa?" Wananipa. Akacheka, akasema, "Basi hicho ni msaragambo. Mbona unakiita majina marefu?"

Msaragambo, kwa wasiojua, ni kazi ya pamoja ya Wapare. Barabara imekatika, mfereji umejaa tope, darasa linataka mawe: watu wanaitwa, kila kaya inatoa mtu na jembe lake, kazi inafanyika, mnatawanyika. Zamani ilipulizwa pembe, na wahenga hawakukosea, mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Siku hizi pembe ni ujumbe kwenye grupu la WhatsApp, halafu mwenyekiti wa kitongoji anapita kuhakikisha hakuna atakayesema hakuuona. Usipotokea bila sababu unatozwa faini. Hakuna hafla, hakuna kitabu cha wageni.

Nilikwenda msaragambo wangu wa kwanza siku ya Jumatano. Nilipouliza kwa nini Jumatano nikaambiwa: Ijumaa ni ya Waislamu, Jumamosi ni Sabato ya Wasabato, Jumapili ni ya Walutheri, sasa unataka watu waje lini? Kazi ilikuwa kuzoa tope kwenye ndiva. Ndiva ni bwawa la asili la Wapare, linajazwa maji ya kijito usiku kucha, asubuhi linafunguliwa na maji yanakwenda kwenye mashamba kwa zamu. Teknolojia hiyo wazee walikuwa nayo kabla hajaja mmishonari wala mhandisi yeyote, na kazi ya kuisafisha haijawahi kufanywa na mtu mwingine zaidi ya wenye mashamba wenyewe.

Nani nilimkuta kwenye tope? Yule mama mmishonari. Kanga kiunoni, kilemba kichwani, karai mkononi, anabishana na wenzake kwa Kipare. Hakuna aliyemshangaa wala aliyempigia makofi. Baadaye nyumbani mume wake alinisimulia kwamba miaka yao ya mwanzo walikosa msaragambo mmoja, na mwenyekiti akaja na daftari lake kudai faini kama kwa kaya nyingine yoyote. "Nilifurahi kulipa," alisema. "Mpaka siku hiyo tulikuwa wageni. Mgeni hatozwi faini."

Hilo neno lilikaa kichwani kwangu, nikaanza kuuliza wazee habari za misheni huko milimani. Stori ni ndefu kuliko nilivyodhani. Mwaka 1903 Wajerumani wawili Waadventista, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walifika Upare Kusini wakaanza kituo Giti, sehemu za Mamba. Ndio mwanzo wa Usabato katika nchi hii. Upande wa Walutheri wa Leipzig, Mbaga aliishi mmishonari Jakob Dannholz, aliyeandika kitabu kuhusu imani na mila za Wapare kilichotoka mwaka 1916. Hao walijenga shule, walijifunza Kipare, walizika watu wao huku.

Halafu ikaja vita kuu ya kwanza. Wajerumani wakashindwa, wamishonari wao wakakamatwa na kuondolewa. Hapa ndipo nilipotega sikio. Shule hazikufa zote, na makanisa hayakufungwa. Waliobaki kushika chaki na kuongoza ibada walikuwa vijana wa Kipare waliofundishwa miaka michache tu kabla. Hawakuwa na bodi wala mfadhili wa kumwandikia barua. Kama misheni ipo mpaka leo, ni kwa sababu kulikuwa na watu wa kuibeba wakati wenyewe hawapo.

Na siyo dini peke yake. Ukishuka upande wa pili wa milima, Ndungu, utakuta mashamba ya mpunga ya umwagiliaji yaliyojengwa kwa msaada wa Japan, hekta 680 hivi, kazi ikakamilika mwaka 1990. Wajapani wana utaratibu wao wa vijana wa kujitolea ulioanza mwaka 1965, na wengine wanakuja kufundisha Hisabati na Sayansi kwenye sekondari zetu. Wahandisi wa Ndungu walishafunga mizigo zamani. Mpunga bado unalimwa, kwa sababu maji yale yana wenyewe wanaogombania zamu.

Sasa sikieni kilichotokea mwezi wangu wa tano. Majina ya ajira za walimu yakatoka. Mtu akapiga kelele uwanjani, tukakimbilia kwenye jiwe kubwa nyuma ya kanisa, maana hapo ndipo mtandao unapokamata, na kweli, jina la mwalimu wetu lilikuwepo. Rukwa. Anatakiwa kuripoti ndani ya siku kumi na nne. Watoto walimbeba juujuu. Mama yake alipiga magoti kwenye majani akashukuru.

Kesho yake asubuhi akaja nyumbani kwetu, uso umemshuka. Kidato cha nne walikuwa kumi na tisa, mtihani wa Taifa ni Novemba, na hakuna mtu mwingine wa kuwafundisha Hisabati. Alitaka kuomba asiende, asubiri awamu nyingine. Yaani kijana amesubiri miaka mitatu, mlango umefunguka, anataka kuufunga mwenyewe kwa ajili ya watoto kumi na tisa. Baba mwenye nyumba alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Umetufanyia kazi miaka mitatu kwa bei ambayo hata sisi tunaionea aibu. Nenda. Tatizo hili ni letu, siyo lako."

Njia rahisi ilikuwepo. Kulikuwa na kijana wa kwao huko Ulaya, mwanafunzi wa uhandisi, tayari kuja kujitolea miezi mitatu kuanzia Oktoba. Barua pepe moja tu. Lakini walikataa kuamua wenyewe, wakaitisha kikao cha wazazi.

Jamani, kikao cha Wapare! Nyie mnaoujua ule utani wa Mpare anayeuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, mngekuwepo. Na kumbukeni hawa ndio watu ambao babu zao mwaka 1945 walishuka kwa maelfu wakapiga kambi Same kuipinga kodi ya mbiru. Kikao kilianza saa nne asubuhi kikaisha saa nane. Nusu saa nzima ilikwenda kwenye swali la debe: maharage yapimwe kwa debe la nani? Wengine walitaka mzungu aje, bure ni bure. Wengine walisema shule ni ya misheni, misheni itafute mwalimu. Kisha akasimama mzee mmoja, mjukuu wake yuko kidato cha pili, akasema, "Huyo mgeni tunamshukuru, aje tu. Lakini akija Oktoba anaondoka Desemba. Januari nani anaingia darasani? Sisi Januari tutakuwa hapa hapa."

Ukumbi ukatulia. Wakaanza kuhesabu. Wakakubaliana kila kaya yenye mtoto shuleni itoe shilingi elfu mbili kwa mwezi, na maharage debe moja kwa msimu. Familia ya wamishonari itoe kiasi kile kile kitakachokusanywa, shilingi kwa shilingi. Mwalimu atafutwe humu humu wilayani, aliyesoma na hana ajira, na hao wamejaa. Apewe mkataba wa maandishi na chumba. Mweka hazina asome hesabu mbele ya wazazi kila mwisho wa mwezi, akikosa kusoma anajiuzulu. Yote hayo yakaandikwa kwenye muhtasari na kutiwa saini.

Baada ya siku kadhaa alipatikana dada mmoja kutoka Same mjini, Hisabati na Fizikia, alikuwa anauza vocha stendi. Katikati hapo, siku nane zilipita bila mwalimu. Yule kijana akiwa njiani kwenda Rukwa alituma maswali na majibu kwa WhatsApp, napanda kwenye jiwe nayapakua, nayaandika ubaoni, vidato vya nne wanajifundisha wenyewe huku mimi mtu wa lugha nikitoa macho. Wale kumi na tisa hawakukosa kipindi hata kimoja.

Yule mgeni wa uhandisi? Aliambiwa aje, lakini akakae chini ya huyo dada, amsaidie kusahihisha na kuandaa vifaa vya maabara. Akakubali. Nasikia alikuja, alikula makande yake, na msaragambo alikwenda.

Sasa nije kwetu sisi vijana wa mjini, maana najua humu wengi mna shahada na mnasubiri. Kujitolea siyo ushamba na siyo kupoteza muda. Kule nilijifunza kusimama mbele ya watu arobaini bila kutetemeka, na kupanga maktaba ya vitabu elfu moja na mia mbili kwa mkono. Lakini kabla hujaenda popote, hata kama ni mtaa wa pili, uliza maswali matatu. Kazi hii nikiondoka anaishika nani? Kuna mtu wa hapa anayeweza kuifanya kwa malipo, na mimi namzibia riziki? Na nikizembea, kuna mtu ana haki ya kuniwajibisha, au mimi ni mgeni wa kupikiwa pilau tu?

Na kwa wanaoendesha shule, asasi na ofisi: mtu akijitolea mwaka mmoja, mpe mkataba na barua yenye muhuri. Mwaka wa pili, tafuta namna ya kumlipa, hata kama ni kwa debe. Miaka mitatu ya "mwalimu wa muda" siyo kujitolea tena, ni deni.

Mimi niliondoka Agosti. Daftari la kuazimisha vitabu nilimkabidhi binti wa kidato cha tatu, ambaye ana mwandiko mzuri kuliko wangu na ni mkali kuliko mimi; ukichelewesha kitabu anakufuata mpaka kwenu. Nilipompigia simu mwezi uliopita aliniambia vitabu vilivyopotea tangu niondoke ni viwili, na anawajua walionavyo. Hesabu za mwalimu bado zinasomwa kila mwisho wa mwezi.

Haya, zamu yenu. Nani humu ameshawahi kujitolea, wapi, na ulipoondoka nani alibaki na ile kazi? Tuambizane ukweli.